Mwenyeji ni Nani? Katanga na Kura ya Maoni ya Mwaka 2005

Tarehe 18 Desemba 2005, na mahali pengine hata siku iliyofuata, Wakongomani waliitwa kujibu swali moja kwa ndiyo au hapana: je, wanaikubali katiba iliyotungwa na bunge la mpito? Asilimia 84.31 walisema ndiyo. Waliokwenda kupiga kura walikuwa kama asilimia 62 ya walioandikishwa. Tarehe 18 Februari 2006 katiba hiyo ikatangazwa rasmi, nayo ndiyo inayotuongoza hadi leo.

Vijana wapendwa, wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa, au mlikuwa mkibebwa mgongoni na mama zenu waliosimama kwenye mstari wa kura. Mmezoea kusikia kwamba siku ile taifa lilijenga umoja. Ni kweli kwa sehemu. Lakini asilimia ya nchi nzima huficha mambo mengi. Mashariki, katika Kivu zote mbili, Maniema na Jimbo la Mashariki, watu waliitikia ndiyo kwa wingi mkubwa. Katanga nayo ilisema ndiyo. Kinshasa na Kasai zote mbili zilikuwa na moyo mwingine: wengi walibaki nyumbani, na kati ya waliotoka, hapana ilisikika kwa nguvu. Chama cha UDPS cha Étienne Tshisekedi kilikuwa kimewaomba wafuasi wake wasijiandikishe wala wasipige kura. Basi mtaa mmoja wa Lubumbashi uliweza kuwa na nyumba mbili zinazotenganishwa na ukuta mmoja, moja ikisherehekea na nyingine imenuna, na kila mtu akijua kwa nini, kwa sababu alijua jirani yake ametoka wapi.

Ili tuelewe hasira ya wakati ule, tusome kwanza kifungu cha 10. Kifungu hicho kinasema kwamba uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine. Kisha kinaeleza kwamba Mkongomani wa asili ni yule aliye wa makabila ambayo watu wake na nchi yao vilikuwa sehemu ya Kongo wakati wa uhuru. Maneno hayo yanaonekana makavu. Kumbe nyuma yake kulikuwa na vita viwili na maelfu ya makaburi.

Jambo lenyewe lilikuwa tarehe. Katiba ya Luluabourg, iliyopitishwa kwa kura ya maoni mwaka 1964, ilimtambua kuwa Mkongomani yule ambaye mmoja wa wazee wake alikuwa wa kabila lililokaa nchini kabla ya tarehe 18 Oktoba 1908. Mwaka 1972 sheria ya Mobutu iliwapa uraia watu waliotoka Rwanda na Urundi wakakaa Kivu kabla ya mwaka 1950. Mwaka 1981 sheria nyingine ikafuta ile ya kwanza na kurudisha hesabu nyuma hadi tarehe 1 Agosti 1885. Hebu fikirini: mtu analala akiwa raia, anaamka akiwa mgeni, naye hajahama hata hatua moja. Katika Kongo ya Mashariki hilo halikuwa fumbo la wanasheria, lilikuwa shamba, ng'ombe na kiti cha utawala. Kwa kuchagua mwaka 1960 kuwa kipimo, sheria ya uraia ya Novemba 2004 na baadaye katiba yenyewe zilikusudia kufunga mjadala huo. Wapinzani wa katiba walisema kwamba nchi imeuzwa kwa Wanyarwanda. Waliohubiri ndiyo walijibu kwamba bila kifungu hiki vita havitakwisha, maana kati ya makamu wanne wa rais wa wakati ule mmoja, Azarias Ruberwa, alikuwa Munyamulenge, na kundi lake lilikuwa limeshika silaha kwa ajili ya swali hilohilo. Ajabu ni kwamba watu wa mashariki, walioumizwa zaidi na vita hivyo, ndio walioikubali katiba kwa wingi. Mimi naona hawakupigia kura kifungu kimojakimoja. Wengi hawakuwa wameyaona hata maandishi yenyewe. Walipigia kura kunyamaza kwa bunduki.

Lakini huku Katanga swali la mgeni lina sura nyingine, na ndilo ningependa tulitazame kwa utulivu, kwa sababu mgeni wetu hakutoka ng'ambo ya mpaka. Alitoka Kasai. Hakuna sheria hata moja, ya 1964, ya 1972, ya 1981 wala ya 2004, iliyowahi kusema kwamba Mluba wa Kasai si Mkongomani. Hata hivyo alifukuzwa Katanga mara mbili ndani ya miaka hamsini.

Historia yake inaanza na shaba. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville mwaka 1910, mwaka uleule mji ulipozaliwa. Nchi hii ya kusini ilikuwa na watu wachache, na wenyeji wake hawakupenda kushuka mashimoni. Kampuni ikatafuta mikono mbali: Rhodesia ya Kaskazini, baadaye Ruanda-Urundi, na zaidi ya yote Kasai. Mwaka 1928 reli ya BCK ilipounganisha Katanga na Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo, njia ya Wakasai ilifunguka kabisa. Wakati huohuo kampuni ilibadili siasa yake: badala ya kumchukua mfanyakazi kwa miezi michache, ilimtaka aje na mke wake, azae watoto kampini, apewe chakula, shule na dispensari. Kwa hiyo Mkasai hakuvamia Katanga. Aliitwa, akahesabiwa, akapandishwa gari moshi kwa tiketi ya kampuni. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameandika kurasa nyingi juu ya maisha ya wafanyakazi hao, naye kijana anayetaka kuijua jamii yake afadhali aanze huko kabla ya kusikiliza maneno ya barabarani.

Watoto wa kampi walisoma. Wakawa makarani, walimu, mafundi, wauguzi. Wakatanga waliobaki vijijini walipoingia mjini walikuta viti vimekaliwa. Hapo ndipo mbegu ya uchungu ilipopandwa, na tusidanganyane, uchungu huo haukuwa wa kubuniwa tu. Mwaka 1957 Wabelgiji waliruhusu kwa mara ya kwanza uchaguzi wa komini mjini. Katika Élisabethville wakuu wa komini wanne Waafrika walichaguliwa, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mzaliwa wa Katanga ya kusini. Mwaka uliofuata, Oktoba 1958, ikaundwa CONAKAT, iliyoongozwa kwanza na Godefroid Munongo na kisha Moïse Tshombe, ikijitangaza kuwa chama cha Wakatanga wa kweli. Walowezi wa Kizungu waliokuwa na hofu ya uhuru waliipenda hoja hiyo. Tangu hapo neno la Katanga limekuwa na nyuso mbili: uso wa mtu maskini anayedai nafasi katika nchi ya babu zake, na uso wa mwenye mali anayemtumia maskini huyo kama ngao.

Tarehe 11 Julai 1960 Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga. Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Waluba, wengi wao wa Kasai, walikimbilia kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa pembeni mwa Élisabethville, wakaondolewa polepole kupelekwa kwao. Kujitenga kulikwisha Januari 1963. Wengine wakarudi tena, kwa sababu kazi ilikuwepo na nyumba zao zilikuwepo.

Mara ya pili ni karibu zaidi nasi, na ndiyo ambayo wazazi wenu wanaikumbuka lakini hawapendi kuisimulia mezani. Tarehe 15 Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa, ulioongozwa na Askofu Mkuu Laurent Monsengwo, ulimchagua Étienne Tshisekedi, mwana wa Kasai, kuwa waziri mkuu. Aliyemtangulia kitini alikuwa Nguz Karl-i-Bond, mwana wa Katanga. Kwa nchi nzima huo ulikuwa ushindi juu ya Mobutu. Wakasai wa Lubumbashi walitoka kushangilia. Hapa shangwe hiyo ilitafsiriwa kama dhihaka. Gabriel Kyungu wa Kumwanza, aliyekuwa liwali wa jimbo lililoitwa Shaba wakati ule, alikuwa amekwisha kuhubiri kwa muda kwamba Wakatanga waamke na kuchukua kilicho chao. Vijana wa chama chake, waliojulikana kama JUFERI, walizunguka mitaani. Wakasai waliitwa bilulu. Mnaojua Kiswahili chetu cha Lubumbashi hamhitaji maelezo: ni wadudu. Neno hilo halikutolewa na wajinga pekee. Lilisemwa na watu waliosoma, mbele ya umati, kwa kipaza sauti, na umati ukacheka. Nadhani kila mauaji ya namna hii huanza kwa kicheko.

Likasi, Septemba 1992. Nyumba zilichomwa, watu waliuawa, familia zilikimbilia kituo cha gari moshi. Huko zilikaa si siku, bali miezi, zikilala kando ya reli zikingoja magari yaliyokuja mara chache na yaliyojaa hata juu ya paa. Kolwezi ilifuata Machi 1993. Watoto walikufa kwa surua, kuhara na njaa, wengine kituoni, wengine njiani kuelekea Mwene-Ditu, Mbuji-Mayi na Kananga. Waliong'olewa wanahesabiwa kwa mamia ya maelfu. Wengi wao walikuwa hawajapata kuiona Kasai. Walirudishwa “kwao” mahali ambapo hawakumjua mtu, wakaitwa huko watu wa Katanga, wakachekwa kwa Kiswahili chao.

Na Katanga ilipata nini? Mwishoni mwa miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1993 haikufika tani 50,000. Si haki kusema kwamba kufukuzwa kwa Wakasai ndiko kulikoua kampuni: mgodi wa Kamoto ulikuwa umebomoka mwaka 1990, mashine zilikuwa zimechakaa, na fedha zilikuwa zimeliwa Kinshasa kwa miaka mingi. Lakini mafundi wenye ujuzi walitawanywa wakati ambapo walihitajiwa kuliko wakati wowote, na viti vilivyoachwa wazi vilikuwa viti vya kampuni inayokufa. Kijana wa JUFERI aliyeahidiwa kazi ya jirani yake alirithi mlango na dirisha la nyumba, basi.

Ni lazima pia kusema ni nani aliyefaidika. Mobutu, aliyeshindwa katika Mkutano Mkuu, aliona wapinzani wake wakuchinjana wao kwa wao huku yeye akiwa ameketi Gbadolite. Swali la nani mwenyeji lilifunika swali la nani ameiba.

Sasa turudi Desemba 2005. Miaka kumi na miwili tu ilikuwa imepita tangu Kolwezi. Wakasai wengi walikuwa wamekwisha kurudi Lubumbashi, kimyakimya, mmojammoja. Tume Huru ya Uchaguzi, iliyoongozwa na padri wa Butembo-Beni, Abbé Apollinaire Malu Malu, ilikuwa imeandikisha watu zaidi ya milioni 24. Nchi ilikuwa haijahesabu watu wake tangu mwaka 1984, na wananchi wengi hawakuwa na kitambulisho cha aina yoyote. Kwa hiyo kadi ya mpiga kura ikawa kitambulisho. Huu ni ukweli mdogo ambao vitabu huupita haraka, nami naona ndio moyo wa jambo lote. Mtu aliyesimama mbele ya mashine ya kupigwa picha hakuwa anatafuta tu haki ya kuchagua. Alikuwa anatafuta karatasi ya kwanza maishani mwake inayosema kwamba yeye ni wa nchi hii. Wito wa UDPS wa kutojiandikisha ulimwomba mfuasi wake akatae karatasi hiyo. Katika Mbuji-Mayi pengine lilikuwa tendo la heshima. Kwa Mkasai wa Katanga, aliyewahi kuambiwa arudi kwao, lilikuwa dhabihu ya namna nyingine kabisa.

Na Mkatanga aliyesema ndiyo, alisema ndiyo kwa nini? Kwanza, kwa amani, kama wengine. Pili, rais Joseph Kabila alitetea katiba, na baba yake alikuwa mtu wa Katanga ya Kaskazini. Tatu, kwa kifungu cha 175, kinachosema kwamba asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayotoka katika majimbo hubaki huko majimboni. Tangu enzi ya Tshombe kilio kilikuwa kwamba shaba inalisha Kinshasa. Sasa kilio kilikuwa kimeandikwa katika sheria kuu. Kwamba hesabu hiyo ya 40 haijawahi kutekelezwa kama ilivyoandikwa, ni habari ya makala nyingine.

Kulikuwa na kifungu kingine ambacho hawakukifurahia: cha 2, kilichoipasua Katanga. Wanasiasa wa hapa walipinga kwa sauti kubwa, na upasuaji wenyewe ulichelewa hadi mwaka 2015, zilipotokea Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Hapo jambo la kuchekesha na kusikitisha likatokea. Watu waliokuwa wamesimama pamoja wakisema “sisi Wakatanga, wao Wakasai” walianza kuulizana wenyewe kwa wenyewe: wewe ni wa kusini au wa kaskazini? Kazi za Kolwezi ni za wana wa Lualaba. Mluba wa Manono anafanya nini Lubumbashi? Kipimo walichokuwa wamemkatia jirani kikawafika mabegani. Naye Kyungu, katika uzee wake, aliingia mwaka 2016 katika muungano mmoja wa upinzani pamoja na Étienne Tshisekedi. Wazee hao wawili walipeana mikono. Waliokufa kituoni Likasi hawakuulizwa maoni yao.

Mwaka 2021 swali lilirudi kwa vazi jipya, pale mswada uliojulikana kwa jina la Noël Tshiani ulipopendekeza kwamba kiti cha urais kiwe cha wale tu ambao baba na mama wote wawili ni Wakongomani. Kila mtu alielewa kwamba ulimlenga Moïse Katumbi, liwali wa zamani wa Katanga, ambaye baba yake alitoka kisiwa cha Rhodes. Safari hii Wakatanga wengi walikasirika, maana aliyeitwa nusu mgeni alikuwa wao. Mswada haukuwa sheria, na Katumbi aligombea mwaka 2023. Ningependa hasira ile ikumbukwe vizuri, pamoja na sababu yake.

Sisi wa Kinsevere, kilomita kama 30 tu kaskazini ya Lubumbashi, tunaishi ndani ya swali hili kila siku. Mgodi uliopo hapa, ambao ni wa kampuni ya MMG tangu mwaka 2012, hutoa shaba; nayo shaba, kama mwaka 1928, huwavuta watu. Wanakuja kwa malori na kwa gari moshi kutoka Kasai, wengine vijana wa umri wenu, wakiwa na mfuko mmoja na namba ya simu ya mjomba. Anayezaliwa kijijini hapa naye anahesabu nafasi za kazi na kuona ni chache. Anaposema kwamba kampuni imtazame kwanza yeye ambaye ardhi yake imechimbwa na vumbi lake analimeza, hasemi uovu. Dai hilo lina haki yake, na linapaswa kupelekwa kwa kampuni na kwa serikali, kwa maandishi, pamoja na hesabu. Linapogeuzwa na kutupwa juu ya kijana mwenye mfuko mmoja, tunalijua linakoelekea. Tumelifuata mara mbili.

Katiba ileile iliyoandika kifungu cha 10 iliandika pia cha 30: kila aliye katika nchi ana haki ya kutembea kwa uhuru, kukaa anapotaka, kuondoka na kurudi. Vifungu hivyo viwili havipatani kwa urahisi. Cha kwanza kinasema wewe ni Mkongomani kwa sababu una kabila, na kabila lina mahali pake. Kutoka hapo ni hatua fupi kufikiri kwamba nje ya mahali pake mtu ni mgeni. Cha pili kinasema mahali pako ni popote ndani ya mipaka. Mwaka 2005 tuliulizwa tuvikubali vyote pamoja kwa neno moja, tukavikubali, na hatujaketi bado kuvisoma kimoja mbele ya kingine.

Huenda tukaulizwa tena. Oktoba 2024, akiwa Kisangani, Rais Félix Tshisekedi alitangaza nia ya kuitafutia nchi katiba nyingine, akisema kwamba hii iliandikwa ugenini na wageni. Maaskofu hawakukubaliana na mpango huo, na wapinzani walisimama kulinda kifungu cha 220, kinachokataza kubadili idadi na muda wa vipindi vya urais. Mabishano yamekuwa makali, na karibu yote ni juu ya kifungu hicho kimoja. Juu ya cha 10 na cha 30, hapa Katanga, sijasikia bado mtu akiinua mkono.